Bega kuganda: waliopitia tupeane uzoefu

MwanaKatonga: Wakuu habari za leo. Niko Kigoma. Mama yangu mkubwa ana hamsini na kitu, anaanika dagaa, bega la kushoto lilianza kuuma taratibu bila kuanguka wala kugongwa, sasa mkono haupandi kabisa, kufunga sidiria hawezi, kusuka wajukuu hawezi, akilalia upande ule usiku anaamka analia. Eksirei imetoka safi ndo watu wakaanza maneno ya kurogwa. Daktari kasema bega limeganda. Aliyepitia atusaidie jamani, anateseka.

Fundi Cherehani: Pole sana kwa mama. Eksirei kuwa safi ni kawaida mkuu, shida sio mfupa, ni ule mfuko unaozunguka kiungo cha bega, unavimba halafu unakuwa mnene na kusinyaa, ndo maana hata wewe ukimuinulia mkono bado haupandi. Wengi linawakuta kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi. Kwangu mimi maumivu yalitangulia, yakapungua likabaki limekaza tu, hata kutoa pochi mfuko wa nyuma nilikuwa siwezi, baadae likaanza kuachia lenyewe. Ila ni safari ndefu, mwaka mpaka mitatu, mwambieni mapema asikate tamaa.

Mama K: Amepima sukari?? Naomba msilipuuze hili. Wenye kisukari linawapata sana, na wenye matatizo ya tezi ya shingo. Mimi bega ndo lililofanya nipimwe nikakutwa nina sukari. Na wakitaka kumchoma sindano ya bega, inasaidia maumivu hasa mwanzoni, lakini kama ana sukari aseme kabla maana inaipandisha kwa siku kadhaa.

Wa Tabora: Naongezea, asikubali kuvutwa mkono kwa nguvu. Shangazi yangu alipelekwa kwa mtu wa kuchua, akamkunja mkono mpaka akapiga kelele, maumivu yakazidi mara mbili. Mtu wa mazoezi ya viungo alimfundisha vitu vidogo tu: anainama ameshika meza kwa mkono mzima, ule mbovu unaning'inia anauzungusha polepole kama anakoroga uji, halafu anasimama mbele ya ukuta vidole vinatambaa kwenda juu, anapofika anaweka alama ya chaki. Akitoka kuoga maji ya moto anashika kanga mgongoni, mkono mzima juu unavuta ule wa chini. Ikiuma kidogo sawa, ikichoma anaacha. Ila kuufunga mkono kabisa usifanye kazi hapana, linazidi kukaza. Kulala, alalie upande mzima akumbatie mto.

MwanaKatonga: Asanteni sana wakuu. Sukari hajawahi kupima, kesho asubuhi nampeleka kabla hajanywa chai. Swali moja, likishapona linarudi?

Fundi Cherehani: Bega lile lile ni nadra. La upande wa pili linaweza kuja baadae, langu lilikuja, ila nilianza mazoezi mapema.