Naomba ushauri: fundi ananiandikia mifuko 45 ya saruji kwenye zege la msingi

Wakuu, salaam. Naanza msingi wa nyumba ndogo Kiromo, Bagamoyo. Mitaro yote ni mita 50, upana sentimita 60, kina 90. Kuchimba napata mita za ujazo 27, na hapo fundi kapima nje kwa nje, maana yake kila kona imehesabiwa mara mbili.

Kinachoniumiza kichwa ni zege la chini, unene sentimita 20, yaani mita za ujazo 6. Kwa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), nikizidisha na 1.54 (mchanganyiko mkavu hunywea ukilowa na kushindiliwa), inakuja mifuko 27 ya kilo 50. Hata kwa 1:2:4 ni kama 38. Yeye kaandika 45! Nikimuuliza: "Bosi, saiti haiendi kwa kalkuleta." Upotevu wa asilimia 5 hadi 10 nauelewa, ila hii?

Halafu udongo: juu mchanga, chini mfinyanzi unaong'ang'ania sepetu. Ukichimbwa unavimba, sasa tripu za kifusi niongeze asilimia ngapi? Na huo mchanga wa juu, kwa ukaribu huu wa bahari, niutumie kwenye zege au ninunue wa mtoni? Mliojenga huku nisaidieni, hela anaitaka Jumamosi.