Ushauri jamani: nimezima rpcbind kwenye seva, inarudi yenyewe

MwambaShela: Assalam aleikum wanajukwaa. Nasimamia seva ya Ubuntu kwenye nyumba moja ya wageni hapa Amu. Nataka kufunga huduma za kushiriki faili ambazo hazitumiki. Nimezima rpcbind (huduma inayoelekeza programu kama NFS ziko poti gani), nikichungulia tena poti 111, mlango wake wa mtandao, iko wazi vilevile. Nifanyeje? Nina haraka.

FundiLangoni: Waaleikum salaam. Umezima rpcbind.service ukaisahau rpcbind.socket. Hiyo ndiyo inayosikiliza mlangoni, mtu akibisha tu inamwamsha mwenzake. Zima zote mbili:

`sudo systemctl disable --now rpcbind.socket rpcbind.service`

Kisha `sudo ss -tulpn` uone poti zilizo wazi, utuwekee majibu hapa.

Kipepeo_Mlindi: Sisi Malindi kijana mmoja alizima Samba, ile ya kushiriki folda mtandaoni, usiku, asubuhi mashine ya kuskani risiti imegoma. Kumbe ilikuwa ikihifadhi kwenye folda hiyohiyo. Mhasibu alipiga kelele hadi jikoni wakatoka kutazama. Chapati siku hiyo ziliungua wallahi.

BiMkubwa: Mwanangu, hiyo mali ya watu. Mwenyewe umemuomba ruhusa?

MwambaShela: Ruhusa ninayo, shikamoo. Fundi, zimebaki poti 2049 ya NFS, na 139 na 445 za Samba. NFS (nayo ya kushiriki faili) haina mtu, /etc/exports, orodha ya folda zake, ni tupu, hiyo nafunga leo. Samba naiacha.

FundiLangoni: Unaiacha kwa nini? Nani anaifungua?

MwambaShela: Watu wa ofisi.

FundiLangoni: Ofisi ipi, shekhe? Wako humo ndani au nje?

MwambaShela: Haya. Bosi yuko Ulaya miezi mingi, anafungua folda kutoka huko. Kwenye ruta nimempitishia 445. Mnisikize kwanza: nywila ni ndefu, na wageni wana waifai yao mbali. Anataka hesabu wiki hii, siwezi kumfungia sasa hivi. Humo mna hesabu na nakala za pasipoti za wageni, basi.

BiMkubwa: "Basi"! Pasipoti za watu ni amana, mwanangu.

FundiLangoni: Kumbe 111 ulikuwa unatuzungusha. 445 haiachwi wazi kwa dunia nzima hata nywila iwe ndefu kama utenzi. Mei 2017 WannaCry, ile programu hasidi ya kufunga faili na kudai fidia, ilipita poti hiyohiyo.

MwambaShela: Ile ilikuwa ya Windows, mimi niko Linux.

FundiLangoni: Mwezi huohuo Samba nayo ilitolewa kiraka cha tundu lake la usalama, namba CVE-2017-7494, lililogusa toleo 3.5.0 kuendelea. Ondoa huo mlango kwenye ruta, muwekee bosi WireGuard (VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ndani), Samba ibaki ndani tu. Hesabu zake atazipata.

Punda_Msomi: Sisi punda wa Shela tuna ulinzi kuliko hiyo seva 😂

MtuWaMokowe: Mnapewa chai na mnakunywa. Laini nyingi za huku anwani moja ya nje wanagawana wateja kibao, 445 ataipitishaje? Hiyo ni asaimenti ya chuo. Angalia alivyopanga poti.

MwambaShela: Tunalipia anwani yetu ya kudumu. Nitunge ili nipate nini?

MtuWaMokowe: Alama.

FundiLangoni: Zima waifai, tumia data ya simu ujaribu mlango kutoka nje: `nc -vz`, anwani yenu, 445. Anwani usiiweke hapa!

MwambaShela: Imefunguka. Naingia kwenye ruta.

Kipepeo_Mlindi: Na mashine ya kuskani, hamna hapo?

MtuWaMokowe: Picha ya skrini iko wapi?