Mume wangu kaumwa na kupe huku Pennsylvania, kipimo kinasema hana Lyme, ule ugonjwa wa bakteria anayeletwa na kupe. Nikiamini?

Mama Junior PA:
Habari zenu wapendwa. Mume wangu anafanya kazi ya kufyeka majani kwenye bustani za watu. Majuzi nikaona kadude keusi nyuma ya goti lake nikadhani ni kigaga cha kidonda, kumbe kana miguu, tukakatoa. Sasa palepale pametokea kitu kama amejigonga, weusi wa kuelekea zambarau, pana joto kidogo ila hapawashi wala hapaumi, na panazidi kutanuka, nilipazungushia kalamu na pameshavuka mstari. Shingo imemkaza, mwili umechoka kama mtu mwenye malaria. Tumeenda kliniki wamepima damu wakasema hana kitu, eti alama ya Lyme huwa nyekundu yenye duara katikati, hii ni kujigonga tu, ameze Tylenol (panadol ya huku) apumzike. Yeye mwenyewe ndo kabisaaa, anasema kupe tumekua nao kwenye ng'ombe Singida na hakuna aliyekufa. Mimi roho haijatulia.

Baba Neema, Lowell:
Pole shem. Mlimtoaje? Maana kuna watu huku bado wanachoma na kiberiti au wanampaka Vaseline ati ajiachie mwenyewe.

Mama Junior PA:
Kibano cha nyusi, nikamshika karibu kabisa na ngozi nikavuta moja kwa moja.

Nesi wa Minnesota:
Hapo ulifanya sawa. Ila dada rudini kwa daktari leo, na kama hao hawasikii nendeni kwingine. Kile kipimo hakitafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili unatengeneza kupambana naye, na hiyo inachukua wiki kadhaa kuonekana, kwa hiyo mtu mwenye alama mpya kuambiwa hana ni kawaida sana. Ndo maana mwongozo wa madaktari wenyewe unasema kama mtu anaishi kwenye kupe hawa na ana ile alama, anaanzishiwa dawa bila kusubiri damu.

Na hiyo habari ya wekundu inaniudhi!! Picha nyingi walizosomea ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu inaweza kuonekana kama kuvia damu, nyeusi au zambarau, na wengi hata hawana lile duara la katikati. Cha kuangalia ni kutanuka. Inatokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa na kwa kawaida inapita sentimita 5. Piga picha pamoja na huo mstari wako wa kalamu, mwonyeshe daktari, mwambie kazi anayofanya, mwambie kupe mlimkuta ameganda. Useme erithema migransi, ndilo jina la hiyo alama, utaona watakavyokaa sawa kwenye kiti.

Dawa yenyewe ni antibayotiki inaitwa doksisaiklini, mtu mzima miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Ameze na maji mengi, asilale papo hapo, na ajikinge na jua maana hiyo dawa inafanya ngozi iungue, hata sisi weusi. Akianza kizunguzungu, kuzimia au moyo kwenda ovyo hiyo ni emajensi, bakteria anaweza kuingia mpaka kwenye moyo. Wengine uso unalegea upande mmoja, wengine miezi baadaye goti linavimba kama boga.

Kijana wa Worcester:
Mi nina jamaa Connecticut anasema Lyme haiponi, yuko kwenye dripu ya antibayotiki miezi na miezi

Nesi wa Minnesota:
Ikiwahiwa wengi wanapona vizuri tu. Wapo wanaobaki na uchovu na maumivu baada ya dawa, hiyo ni kweli na wasidharauliwe, lakini utafiti umeshafanyika, kurundika antibayotiki muda mrefu hakujawasaidia na kuna walioumia na hizo dripu.

Mganga Msaidizi Dodoma:
Mwambie huyo mume wa Singida kupe wa ng'ombe wake ana ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, ni kupe mwingine na ugonjwa mwingine. Huku kwetu ndugu wa huyo bakteria wa Lyme anabebwa na papasi, wale wa kwenye nyumba za udongo. Homa ya papasi inakuja inaondoka inarudi, watu wanameza dawa za malaria weee mpaka mtu wa maabara anapoona hao bakteria kama vijinyoka kwenye slaidi ya damu. Tofauti ni kwamba papasi anakunyonya usiku dakika chache anarudi kwenye ufa, humkuti. Huyo wenu wa Marekani anaganda siku nzima na zaidi, kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, kwa hiyo mkikaguana kila jioni mnamuwahi.

Baba Neema, Lowell:
Hapo kwenye kukaguana sasa 😂 lakini ni kweli, na muangalie kila mahali, kwapani, kinenani, kitovuni, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Wale wadogo wa mwezi wa tano mpaka wa saba ni kama punje ya ulezi. Nguo za kazi nyunyizieni permethrini, dawa ya kuua kupe (nguo na viatu tu, SIO ngozi), suruali ichomekwe ndani ya soksi. Akirudi nguo ziende draya (mashine ya kukaushia) kwanza moto mkali dakika 10 kabla ya kufua, kufua tu hakumuui. Na kulungu mnaowalaumu hawamwambukizi kupe, wanamlisha tu akikua, bakteria anamtoa kwa panya wa porini, kwa hiyo hata kama hamuoni kulungu msijidanganye.

Mama Junior PA:
Tumetoka sasa hivi kwa daktari mwingine, alivyoona tu picha ameandika doksi. Asanteni sana. Nesi, kuna swali mzee kanituma: je chai ya maziwa anaruhusiwa?

Nesi wa Minnesota:
Anaruhusiwa ila asimezee dawa, maziwa yanapunguza nguvu yake. Aache kama masaa mawili hivi katikati.

Mama Junior PA:
Amenuna.