Filamu ya Jiseul na waliouawa Jeju: wa kuliliwa ni asiyejua siasa peke yake?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Swali langu naliweka mwanzoni ili tusizunguke: mkulima asiyejua lolote akiuawa na serikali yake, na jirani yake aliyekuwa mkomunisti kweli akiuawa na serikali hiyohiyo bila kufikishwa mahakamani, msiba wao ni mmoja au ni miwili?

Nauliza kwa sababu ya Jiseul, filamu ya O Muel ya mwaka 2012, iliyotwaa tuzo kuu ya majaji kwa filamu za kigeni kwenye tamasha la filamu la Sundance kule Marekani mwaka 2013. Waliozoea tamthilia za Kikorea za wapenzi na mama mkwe tajiri wajiandae: hii ni ya rangi nyeusi na nyeupe, theluji tupu, na watu waliobanana pangoni.

Kwa ambao hawajui kisa chenyewe: Jeju ni kisiwa kilichoko kusini mwa rasi ya Korea. Machi 1, 1947 polisi walifyatulia umati risasi, wakaua watu 6. Aprili 3, 1948 wapiganaji wa mrengo wa kushoto wakavamia vituo vya polisi, wakipinga uchaguzi wa Mei uliokuwa ufanyike upande wa kusini wa Korea peke yake, maana waliona utaikata nchi vipande viwili. Wakati huo kusini ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani. Serikali mpya ilipoingia Agosti mambo yakazidi kuwa mabaya. Oktoba ikatoka amri: atakayeonekana zaidi ya kilomita 5 kutoka pwani atahesabiwa kuwa mwasi na kupigwa risasi. Vijiji vya mlimani vikachomwa. Waliokufa hadi mwisho wa balaa hilo mwaka 1954 wanakadiriwa kuwa kati ya 25,000 na 30,000, yaani karibu mtu mmoja kwa kila kumi kisiwani.

Filamu inafuata wanakijiji waliokimbilia pangoni. Mmoja roho yote iko kwa nguruwe wake aliyemwacha zizini, nani atamlisha? Wanataniana, wanagombana kwa mambo madogo, wanadhani watarudi nyumbani baada ya siku chache. Kuna mama mzee mwenye mguu mbovu aliyekataa kuondoka. Mwanawe anaporudi kumchukua anakuta nyumba imeungua, mama ameuawa, na viazi viko palepale alipolala. Anavibeba viazi vile hadi pangoni na watu wanakula. Nimeona filamu nyingi za vita, sijaona mlo mzito kuliko ule.

Sasa kero yangu. Pangoni hamna hata mmoja mwenye msimamo wa siasa. Wote ni watu wa viazi na nguruwe, na wapiganaji wa mlimani hawapewi nafasi ya maana. Naona ni kama mwongozaji anatuomba ruhusa ya kuwalilia: "Hawa hawakujua kitu, walieni." Je, wangejua?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, ila hapa naomba nitofautiane nawe. O Muel ni mtoto wa Jeju, na hakutengeneza filamu ya kutoa hoja, alifanya tambiko. Sehemu zake nne zimepewa majina ya hatua za ibada ya kuwakumbuka wafu. Nani aliwahi kuuliza kadi ya chama kwenye tambiko?

Halafu kumbuka hali ilivyokuwa. Miaka mingi ukilitaja jambo hili unapotea. Hyun Ki-young aliandika hadithi kuhusu mauaji hayo mwaka 1978, akakamatwa na kuteswa. Ndugu za waliouawa walinyimwa kazi serikalini kwa sababu ya jina la marehemu. Katika hali hiyo unaanza na nani? Unaanza na bibi mwenye mguu mbovu, maana huyo hata adui anashindwa kumbishia. Na usisahau yule askari mdogo aliyeshindwa kuua raia, akaadhibiwa nje kwenye theluji. Filamu imemlilia hadi yeye.

Mchangiaji wa pili

Nami niseme wazi, mleta mada unataka kutuchanganyia mchele na chuya. Ripoti ya serikali ya mwaka 2003, ileile iliyomfanya Rais Roh Moo-hyun aombe radhi, inasema waliouawa na vyombo vya dola ni zaidi ya asilimia 80, lakini kuna zaidi ya asilimia 10 waliouawa na hao wapiganaji wako. Nao walikuwa na mama zao. Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini ilishalizungumzia mwaka 2001: viongozi wakuu wa uasi hawahesabiwi miongoni mwa wahanga.

Na kamanda wao mwenyewe, Kim Dal-sam? Agosti 1948 akavuka kwenda kaskazini kwenye mkutano, hakurudi tena Jeju. Amri ya kilomita 5 ilipotoka yeye alishaondoka. Waliobaki kuilipa ni wenye nguruwe.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nililala katikati, tusidanganyane. Picha nzuri, ila haina haraka kabisa. Halafu wanasema lahaja ya Jeju ni ngumu mpaka Wakorea wa bara waliwekewa maandishi ya tafsiri, kwa hiyo msinicheke.

Mleta mada

Wa tatu, pole, rudia ukiwa umeshiba usingizi.

Mchangiaji wa pili, la Kim Dal-sam nakuachia lote, sina la kumtetea. Na aliyekufa na bunduki mkononi mlimani simzungumzii, hiyo ni vita. Mimi nazungumzia aliyekamatwa, akafungwa kamba, akapigwa risasi kwa sababu ya anachoamini au mahali anapoishi. Amri ile haikuuliza nani ni nani, ilipima umbali kutoka baharini. Leo sisi tukijitetea kwa kusema "huyu hakuwa mkomunisti", tunakubali kwamba angekuwa mkomunisti ingekuwa halali.

Tazama mahakama ya Jeju ilivyofanya Januari 2019. Wazee 18 waliofungwa na mahakama za kijeshi za 1948 na 1949 walifungua upya kesi zao. Jaji hakupekua mioyo yao kutafuta ukomunisti. Aliangalia utaratibu uliotumika kuwashtaki, akaona haukuwa wa kisheria, akayatupa mashtaka. Mimi kipimo hicho kinanitosha, na ndicho ninachokikosa kwenye filamu.

Mchangiaji wa pili

Wale 18 walikuwa raia waliozolewa, hawakuwa makamanda. Usiwatumie kupitisha wengine mlango wa nyuma.

Mchangiaji wa kwanza

Kwani hata Wakorea wamekubaliana? Kwenye bustani ya kumbukumbu kule Jeju kuna jiwe limelazwa chini halina maandishi, eti litasimamishwa siku watakapoafikiana waliite tukio hilo uasi, mapambano au mauaji. Nawe unamtaka O Muel alimalize kwenye filamu moja?

Mleta mada

Simtaki amalize. Namtaka amwingize mtu mmoja tu pangoni: kijana wa kijiji aliyekwenda kwenye mikutano, akaamini kuwa nchi isigawanywe, hakuua mtu, na kiongozi wake ameshakimbilia kaskazini. Akae pale karibu na mwenye nguruwe, wagawane viazi.

Mchangiaji wa kwanza

Huyo wenzake watamfukuza pangoni usiku wa kwanza, kabla askari hawajafika.

Mleta mada

Basi wamfukuze tuone. Nitaiangalia hiyo kabla ya nyingine yoyote.