Kuona DVR ya dukani kwa simu, rauta ni ya laini

mzee_wa_duka: Wakuu habari zenu, nina DVR (mashine ya kurekodi kamera za ulinzi) ya Hikvision kamera 4 iko dukani Morogoro mi niko Dar, intaneti pale ni rauta ya 4G ya laini ya simu, nimefungua poti 8000 (mlango wa kuifikia DVR toka nje) kwenye rauta ila nikitoka tu kwenye ile waifai apu haioni kitu. Shida nini, na bando litatosha kweli?

fundi_waya: Mkuu achana na poti. Cheki IP (namba ya anwani ya intaneti) ambayo rauta imepewa na mtandao, ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 basi unachangia IP na watu kibao, fungua poti zote hupenyi. Tumia Hik-Connect, apu ya Hikvision inayounganisha simu na DVR bila kufungua poti, kwenye DVR nenda Network halafu Platform Access, iwashe, weka kodi yako ya siri, gateway iwe anwani ya rauta, DNS (seva inayotafuta anwani za majina ya mtandaoni) 8.8.8.8, ikisoma iko onlaini skani QR yake kwa simu basi.

mama_kamera: Bando linaliwa ukiwa unaangalia tu, kurekodi kunaishia kwenye diski. Sub-stream (picha nyepesi ya kuangalia kwa simu) iweke 512 Kbps, kamera moja inakula kama MB 230 kwa saa, zote nne piga hesabu mwenyewe 😅 Main stream (picha nzito inayorekodiwa) usiiguse.

mzee_wa_duka: Imekubali! DNS ilikuwa tupu kabisa. Ila jioni picha inakwama kwama

fundi_waya: Jioni mnara umejaa, jaribu kusogeza rauta dirishani