Wafugaji wa paka na mbwa, acheni kutuambia "hana neno" wakati damu inatutoka

Heshima kwenu wakuu.

Nimevumilia vya kutosha. Katika nyumba hii tunayopanga familia kadhaa hapa Mbagala, kila anayefuga ana jibu moja tu mnyama wake anapomuumiza mtu: "Hana neno huyo, anacheza tu." Mbwa wa kijana wa chumba cha uani akimrukia mtoto anayetoka dukani na kumbwaga kifudifudi pamoja na trei ya mayai, anacheza. Paka akijilaza kwenye ngazi umeme umekatika, bibi wa watu akateguka kifundo cha mguu kwa kumkwepa, basi bibi ndiye haangalii anapokanyaga.

Hayo ya mayai na ngazi pengine ningeyanyamazia. Kilichonifikisha hapa ni paka wa jirani yangu, jike anayenyonyesha, ambaye aliingia jikoni kwangu kufuata vichwa vya samaki, na nilipoinama kuokota kifuniko cha sufuria alichokiangusha, akanirukia mkono na kuzamisha meno kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba. Jeraha lenyewe ukiliona utacheka: vitundu viwili kama vya sindano, damu matone machache, kisha vikajifunga. Jirani alikuja mbio na mafuta ya taa kwenye kizibo cha chupa akitaka nipake, na aliponiona nimekimbilia bomba na sabuni akashangaa mwanamume mzima kuogopa paka.

Tuelewane hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Jino la paka ni jembamba na lina ncha kali, hivyo linapeleka bakteria chini kabisa huku ngozi ikiziba haraka juu yake, na ndiyo sababu kijeraha cha paka kinaweza kuvimba na kutunga usaha ndani ya siku moja, wakati jeraha la mbwa lililoachama na kutisha watu likasafishika kwa urahisi zaidi. Asubuhi yake mkono wangu ulikuwa umevimba na kuwa wa moto, vidole havikunjiki, na shati nililokwenda nalo zahanati nilifungiwa vifungo na mke wangu.

Zahanati nilichomwa sindano ya pepopunda, nikaandikiwa vidonge, halafu tabibu akauliza swali ambalo kila mfugaji anapaswa kuwa na jibu lake: je, huyo paka amechanjwa, na yuko wapi sasa? Swali hilo si la udadisi. Paka naye hupata kichaa cha mbwa na kukiambukiza, na mbwa au paka aliyeng'ata akichungwa kwa siku 10 akabaki mzima, inajulikana kwamba siku ile mate yake hayakuwa na virusi, kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kuanza chanjo anaweza kuisitisha. Nikampigia simu jirani palepale mbele ya tabibu. Jibu lake: "Kaka, paka nimeshampeleka shamba Mkuranga, nilijua utampiga." Kadi ya chanjo je? "Paka wa ndani wa nini kumchanja?" Paka wa ndani gani huyo anayekula samaki kwenye majiko ya watu!

Kwa hiyo mnyama wa kuangaliwa hayupo, kadi haipo, na mimi ndiye ninayekwenda kuchomwa dozi zote kwa gharama zangu, kwa kuwa ugonjwa huu dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Nanyi mnaosema "amekuparuza tu," jueni kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka hata mparuzo mdogo usiotoa damu, ukitokana na mnyama anayeshukiwa, uoshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na mtu aanze chanjo; ngozi ikitobolewa huongezwa dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Mafuta ya taa, majivu, pilipili na unga wa betri havimo.

Sichukii wanyama, nimekulia nyumba yenye mbwa wa ulinzi. Lakini baba alikuwa akiwafungia mchana, na bwana mifugo alipopita mtaani kuchanja hatukungoja kuitwa. Ninachokataa ni mtu kufurahia manyoya na picha za simu, kisha hasara ya meno na makucha akaiacha kwa jirani. Ukifuga, mchanje kila mwaka, kadi ikae ndani, na mnyama wako akimjeruhi mtu usimhamishe wala kumuua, mfungie mahali pa kuonekana na umpe taarifa ofisa mifugo wa kata.

Jumatatu nakwenda ofisi ya serikali ya mtaa na risiti zangu zote, kudai nirudishiwe gharama na paka arudishwe kutoka Mkuranga akiwa hai. Jirani ameshaanza kutangaza uani kwamba namshitaki kwa ajili ya vitundu viwili. Aliyewahi kudai gharama za namna hii na akalipwa, naomba aniambie alianzia kwa nani na alitakiwa kupeleka karatasi zipi.