Nimelipia kiti cha mtoto West End, mtoto kaona mgongo wa mtu jioni nzima

Wakuu, hili nimekaa nalo wiki tatu nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Nalileta kwa wazazi wenzangu mlioko Uingereza, na kwa ninyi mnaopanga kuwaleta watoto kutembea.

Desemba tuliamua kuwapeleka watoto kwenye onyesho kubwa la muziki West End, eneo la kumbi kubwa za maonyesho katikati ya London. Mkubwa ana miaka 8, mdogo ametimiza 5. Tiketi moja pauni 78, mtoto analipa sawasawa na mtu mzima. Kwa watu wanne ni 312, weka ada ya huduma ya 3.50 kwa kila tiketi, ikafika 326. Hapo sijagusa nauli ya treni kutoka Luton wala chakula. Kwa madafu ni zaidi ya milioni moja. Baba watoto aliguna, mimi ndiye niliyemshikilia kwamba twende, watoto watalikumbuka.

Taa zikazimwa, muziki ukaanza. Kiti cha mbele ya mdogo alikaa baba mmoja mrefu, mabega mapana. Simlaumu, naye kalipa. Mwanangu akanivuta mkono: "Mama, wanafanya nini?" Nikajikunja mpaka kichwa changu kikawa usawa wa chake. Nikaona kola ya shati, shingo, na juu kabisa utepe mwembamba wa mwanga wa jukwaa. Basi. Hicho ndicho nilichokilipia pauni 81 na nusu.

Nikamfuata mhudumu kuomba mto wa kumwinua mtoto. Imekwisha, wamechukua waliowahi. Tukakunja makoti mawili akayakalia, yakawa yanateleza kila akitikisika. Nikampakata. Dakika kumi hazijaisha akaja mhudumu mwingine kuninong'oneza kwamba kila mtoto akae kwenye kiti chake, watu wa nyuma hawaoni. Jamani! Kiti chake ndicho hicho asichoona kitu! Wa nyuma ana haki ya kuona, wangu hana? Mpaka mapumziko yanafika alikuwa ameshaacha kuuliza. Kipindi cha pili alilala.

Nikaandika barua pepe ya malalamiko. Wakajibu kwamba kiti kile hakina nguzo wala chuma mbele yake, kwa hiyo hakihesabiwi kuwa na kizuizi, kiliuzwa kihalali. Wakanipa punguzo la asilimia 10 nikinunua tena. Yaani wakipima kama kiti kinaona, wanampima mtu mzima. Na bei wanamtoza mtoto ya mtu mzima. Sasa kwa nini ukurasa wa kununulia unaniuliza nina watoto wangapi, halafu haunionyi kitu?

Sibishanii ughali wenyewe. Najua pale kuna wapiga vyombo, waigizaji, mafundi wa taa, na VAT ya 20% juu yake. Najua pia kumbi nyingi za West End ni za zamani, zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1800 na mwanzoni mwa 1900, na viti haviwezi kupangwa upya kirahisi. Lakini mito inunuliwe ya kutosha! Kama umemuuzia mtoto tiketi, ulishajua siku hiyo anakuja.

Mimi nimekulia Bagamoyo. Tulipokwenda kutazama ngoma na maigizo ya Chuo cha Sanaa, watoto tulikaa chini, mbele kabisa, miguu mchangani, wakubwa nyuma yetu. Mtu mzima akisimama mbele ya mtoto alikuwa anaambiwa asogee, na alisogea. Vumbi la wachezaji lilikuwa linatufikia machoni. Ndiyo maana nilitaka wanangu waone jukwaa, na ndiyo maana hili limeniuma hivi.

Na asije mtu kuniambia kwamba mtoto wa miaka 5 hawezi kutulia. Wiki iliyofuata tulikwenda Little Angel kule Islington, ukumbi wa vikaragosi uliopo tangu 1961. Ni mdogo, viti kama mia moja, na bei haikufika robo ya ile ya kwanza. Huyohuyo aliyelala West End alikaa ameegemea mbele, mdomo wazi, mpaka mwisho. Aliona vidole vya mchezeshaji. Sasa kila siku ananidai uzi, anafunga kijiko na kukitembeza juu ya meza.

Kwa hiyo mkiniuliza, mtoto wa chini ya miaka 7 nisingemlipia tena onyesho kubwa, labda viti vya mstari wa kwanza wa ghorofani ambako mbele yake hakai mtu, na hapo uliza kwanza ukingo una urefu gani. Mkubwa wangu alifurahi, yeye alikuwa anaona. Kama mnataka kwenda, subirini Agosti kwenye mpango wa Kids Week: mtu mzima akilipa tiketi kamili, mtoto mmoja anaingia bure. Zile picha ambazo watazamaji wanaziweka mtandaoni kuonyesha kiti kinaona nini msiziamini sana, zimepigwa kwenye usawa wa macho ya mtu mzima. Na fikeni mapema, kabla ya kununua hata maji mkachukue mto.

Hilo punguzo lao sijalitumia. Nataka pauni 81 na nusu za kile kiti kimoja, basi. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa sababu mtoto hakuona, aniambie alimwandikia nani na alisema nini. Barua pepe zote ninazo, na tarehe zake.